HSV na miaka saba ya daraja la pili: maswali mnayouliza kila siku

Tangu HSV wapande kurudi Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, maswali yamekuwa mengi mno, mengine yanatoka kwa watu wa mkeka, mengine kwa wazee wanaoikumbuka HSV ya Keegan na Magath, na mengine kwa vijana ambao hii timu wanaijua kwa sababu waliichukua kwenye gemu wakaijenga mpaka ikabeba Ulaya. Nimeyakusanya hapa, penye utamu nimeandika kirefu, pasipo na utamu nimepita haraka.

HSV ni timu gani hasa, na kwanini watu wanapigia kelele timu iliyokuwa daraja la pili?

Ni Hamburger Sport-Verein, timu ya Hamburg, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani. Umri wao wanauhesabu tangu 1887 ingawa klabu kama ilivyo leo ilitokana na klabu tatu za mjini kuungana 1919. Ubingwa wa Ujerumani wamechukua mara 6, mara ya mwisho 1983, na mwaka huohuo pale Athens wakaifunga Juventus 1-0 wakabeba Kombe la Ulaya, na Juventus yenyewe ni ile ya Platini, Zoff na Paolo Rossi, sio ya kuokoteza. Goli alipiga Felix Magath, dakika kumi hata hazijatimia. Shikeni hilo jina la Magath, litarudi huko mbele na halirudi na habari njema.

Kevin Keegan alibeba Ballon d'Or mbili, 1978 na 1979, akiwa mchezaji wao. Uwe Seeler alicheza pale maisha yake yote, na nje ya uwanja kuna mguu wake wa kulia umetengenezwa kwa shaba, mguu tu, mkubwa kuliko gari, watu wanapiga nao picha. Ng'ambo ya barabara kwenye makaburi ya Altona kuna sehemu maalumu ya kuzikwa mashabiki wa HSV. Sitanii, ipo tangu 2008. Sasa timu yenye watu wa hivyo ikishuka daraja usitegemee kimya.

Alafu kuna hili: ndo walikuwa timu pekee iliyocheza Bundesliga kila msimu tangu ligi ilipoanza 1963. Bayern wenyewe hawakuwepo 1963, waliingia 1965. Ndo maana wakaitwa Dino, yani dinosaria, mnyama wa kale, na mdoli wao wa kuchangamsha mashabiki anaitwa Dino Hermann. Uwanjani waliweka saa kubwa inahesabu miaka, siku, masaa, dakika na sekunde walizokaa ligi kuu. Saa hiyo iliwatokea puani.

Walishukaje?

12 Mei 2018, mechi ya mwisho, wako nyumbani na Gladbach. Walishinda 2-1 na bado wakashuka, kwa sababu walihitaji Wolfsburg wateleze na Wolfsburg wakampiga Köln 4-1 ambaye tayari alishashuka. Dakika za mwisho upande wa kaskazini mwa uwanja zikaanza kurushwa fataki na moshi mweusi, refa akasimamisha mpira kama robo saa hivi, polisi wakaingia uwanjani na farasi na mbwa. Saa ikasimama kwenye miaka 54 na siku 261.

Ila kusema ukweli ule haukuwa msiba wa ghafla, mgonjwa alikuwa hoi siku nyingi. 2014 waliponea kwenye mchujo na Greuther Fürth kwa goli la ugenini, 0-0 na 1-1. 2015 wakaponea tena na Karlsruhe, walikuwa wamebakiza dakika chache tu kushuka, Marcelo Díaz akapiga frikiki ikazama, wakaenda dakika 30 za nyongeza Nicolai Müller akamaliza kazi. Timu inayookolewa na frikiki ya dakika za majeruhi haijapona.

Na ile saa iko wapi?

Kwanza waliibadilisha ikawa inahesabu tangu klabu ianzishwe, watu wakaona ni kujidanganya, 2019 wakaing'oa kabisa. Pale sasa kuna namba za ramani zinazoonyesha uwanja ulipo.

Daraja la pili la Ujerumani linaendaje?

Timu 18, mechi 34. Wa kwanza na wa pili wanapanda moja kwa moja. Wa tatu anacheza mechi mbili, nyumbani na ugenini, na yule aliyeshika nafasi ya 16 Bundesliga, mshindi anakaa juu. Chini wanashuka wawili na wa 16 anaenda kwenye mchujo na wa tatu wa daraja la tatu. Goli la ugenini halihesabiki tena kwenye michujo hiyo, lilifutwa.

Ule mchujo wa wa tatu ni mtego. Kwenye makaratasi ni nusu kwa nusu, uwanjani timu ya Bundesliga hata kama imepigwa mwaka mzima bado ina wachezaji wa bei, na mara nyingi ndo inabaki. HSV wamekaa pande zote mbili za huo mtego, walipokuwa juu wakanufaika mara mbili, walipokuwa chini wakaumia mara mbili.

Kwanini hawakupanda mwaka wa kwanza tu? Si walikuwa na pesa kuliko wote?

Hapa ndo penye stori yenyewe. Wengi wanasema kikosi kilikuwa kibovu, mimi nakataa. Angalia misimu yao utaona kitu kimoja kinajirudia: mpaka Desemba wako juu au karibu na juu, ikifika Machi Aprili miguu inakuwa mizito. Tatizo lilikuwa masika. Kila mwaka waliokosa kupanda uliongeza mzigo kwa wachezaji wa mwaka unaofuata, na wale wapya waliosajiliwa wakawa wanalipa deni wasilolikopa.

Msimu wa 2018/19 wamefungua nyumbani na Holstein Kiel, wakala tatu bila. Mwezi uliofuata Jahn Regensburg wakaja Volkspark, uwanja wa HSV, wakawapa mkono, 0-5. Kocha Christian Titz akatimuliwa Oktoba, akaja Hannes Wolf, wakafika krismasi wakiongoza ligi, watu wakajua yamekwisha. Wakaporomoka. Wakapigwa 4-1 kule Paderborn mechi moja kabla ya mwisho na ndoto ikafa, nafasi ya nne, pointi 56.

2019/20 na Dieter Hecking, kocha mzoefu, ndo ule unaouma zaidi kwa wengine. Mechi ya kabla ya mwisho wako Heidenheim, wanafungwa goli la dakika za majeruhi, 2-1. Sawa, bado ipo nafasi. Siku ya mwisho Heidenheim anapigwa tatu na Bielefeld, yani HSV anahitaji droo tu nyumbani na Sandhausen aende kwenye mchujo. Droo tu! Wakala tano, 1-5. Uwanja ulikuwa mtupu kwa ajili ya korona na labda ilikuwa heri. Nafasi ya nne tena.

2020/21 Daniel Thioune, mwanzo mzuri, masika yakafika, akaondolewa zikiwa zimebaki mechi tatu, wakamwita Horst Hrubesch, nahodha wa ile timu ya 1983, aje ajaribu. Nafasi ya nne kwa mara ya tatu mfululizo.

Na Magath sasa?

Haya. 2021/22 amekuja Tim Walter, kocha wa mpira wa kuchezea nyuma, kipa anasimama mbali na goli kama beki wa tatu, pira biriani lakini presha inapanda. Wakashinda mechi tano za mwisho mfululizo wakashika nafasi ya tatu. Mchujo na Hertha Berlin. Wakaenda Berlin wakashinda 1-0, goli la Ludovit Reis, mpira ulikuwa kama krosi ukaingia wenyewe. Mechi ya pili nyumbani, uwanja umefurika, kazi ni kutopoteza tu.

Kocha wa Hertha alikuwa nani? Felix Magath. Yuleyule wa Athens. Hertha wakashinda 2-0, Boyata na kichwa cha mapema, Plattenhardt na frikiki. Mtu aliyewapa kombe kubwa kuliko yote kwenye historia yao akaja kuwafungia mlango. Ukiandika hivyo kwenye tamthilia mhariri atakwambia umezidisha.

Ile video ya mashabiki wanashangilia kupanda alafu hawakupanda ni ya kweli?

Ni ya kweli, na naomba nieleze taratibu kwa sababu kila mtu anaisimulia nusunusu.

28 Mei 2023, mechi ya mwisho. HSV wako ugenini kwa Sandhausen, uwanja mdogo umejaa watu wa Hamburg. Heidenheim wako Regensburg. Hesabu ni hivi: Heidenheim akishinda anapanda, asiposhinda HSV anapanda kama akishinda yake. HSV wanaongoza 1-0 na wanamaliza hivyohivyo. Kule Regensburg Heidenheim walikuwa wanafungwa 2-0, wakarudisha moja, dakika 90 zinakatika ubao unasoma 2-1 kwa Regensburg. Filimbi ya Sandhausen inalia, mashabiki wanaruka uzio wanaingia uwanjani, mtangazaji wa uwanja anawapongeza kwa kupanda, watu wanakumbatiana wanalia.

Regensburg mpira haujaisha. Muda wa nyongeza ulikuwa mrefu, zaidi ya dakika kumi. Dakika ya 90+3 Jan-Niklas Beste anapiga penati, 2-2. Hata hiyo ilikuwa sawa kwa HSV. Dakika ya 90+9 Tim Kleindienst anafunga la tatu. Heidenheim wanapanda, tena wanapanda kama mabingwa kwa tofauti ya magoli dhidi ya Darmstadt, pointi 67 kwa 67, HSV 66. Pale Sandhausen habari inafika kwenye simu moja, ya pili, ya tatu, unaona watu katikati ya nyasi wanasimama na mikono kichwani wakati jirani zao bado wanaimba.

Baada ya siku chache wakacheza mchujo na Stuttgart, wakala 3-0 na 3-1. Wale wachezaji miguu ilikuwa Stuttgart lakini akili zilibaki Sandhausen. Na Stuttgart waliobaki siku ile mwaka uliofuata wakamaliza wa pili Bundesliga juu ya Bayern, kwa hiyo msiwacheke sana HSV kwa kupigwa na ile timu.

Na St. Pauli walikuwa wanafanya nini muda wote huo?

Wanacheka. Ni klabu ya mjini humohumo, ndogo kwa historia ya makombe lakini ina jina dunia nzima kwa misimamo yake na bendera ya fuvu. 2023/24 wakapanda kama mabingwa chini ya Fabian Hürzeler, kocha kijana ambaye baadaye akaenda Brighton. HSV walichofanikiwa ni kuwafunga 1-0 mwanzoni mwa Mei wakawachelewesha kusherehekea, furaha ya maskini. Msimu huo Walter alitimuliwa Februari akaja Steffen Baumgart, wakamaliza wa nne. Kwa mara ya kwanza tangu Bundesliga ianze wakubwa wa mji wakawa wanamtazama mdogo kwa kuinua shingo juu.

Haya, msimu wa 2024/25 ulikuwaje?

Ulianza vizuri, siku ya kwanza kabisa wameenda Köln wakashinda 2-1. Baada ya hapo wakawa wanashinda moja wanadroo mbili, na Novemba Baumgart akaondolewa. Mimi niliposikia aliyepewa timu kwa muda ni msaidizi wa umri wa miaka 34 ambaye hajawahi kuwa kocha mkuu wa timu ya wakubwa nilijua ni yaleyale.

Merlin Polzin ni mtoto wa Hamburg, utotoni alikuwa anasimama upande wa kaskazini na mashabiki. Alikuwa benchi la HSV tangu enzi za Thioune, kwa hiyo Sandhausen, Hertha, Stuttgart zote alizila akiwa palepale. Kabla ya krismasi wakamthibitisha. Alichobadilisha sio kikubwa cha kuandika kitabu: timu ikaacha kujilazimisha kuchezea nyuma kila mpira, wakawa wanaenda mbele haraka kwa mawinga, na kule mbele kuna Davie Selke anasubiri.

Selke alifunga 22, mfungaji bora wa daraja la pili. Sio straika wa kupendeza macho, anasukumana na mabeki, anagombana, akiumia usoni anavaa barakoa anaendelea. Ransford Königsdörffer akafunga 14. Pembeni Jean-Luc Dompé anamlaza beki chali kila wiki.

Masika hawakuporomoka?

Walianza kuporomoka! Aprili ilipofika wakapigwa nyumbani na Braunschweig, wale waliokuwa wanapambana wasishuke, wakatoa droo na Schalke, wakapigwa nyumbani tena na Karlsruhe. Wiki hizo vikaragosi vilikuwa vingi mtandaoni kuliko magoli yao. Alafu wakaenda Darmstadt wakashinda 4-0, na kwa maoni yangu ule ndo msimu wao wenyewe, Darmstadt, sio siku ya sherehe. Timu zilizopita za HSV baada ya wiki zile tatu zisingeinuka.

Siku ya kupanda ilikuwaje?

10 Mei 2025, Jumamosi usiku, Volksparkstadion, watu 57,000, mgeni ni SSV Ulm. Na ili roho zisikae sawa, Ulm ndo wakatangulia kufunga. Reis akasawazisha baada ya dakika chache tu, kabla ya mapumziko Königsdörffer na Selke, kipindi cha pili mabeki wa Ulm wakajifunga, Königsdörffer tena, Elfadli akamalizia. 6-1. Kipa Daniel Heuer Fernandes alidaka penati njiani humo, watu wanaisahau kwa sababu ya wingi wa magoli lakini ile ikiingia mimi sijui.

Filimbi ilipolia uwanja ukavamiwa, nyavu zikakatwa vipandevipande, watu wakabeba nyasi kwenda nazo nyumbani. Furaha ilikuwa na gharama: zaidi ya watu 40 waliumia kwenye ule msukumano, wengine vibaya.

Siku ya mwisho wakaenda Fürth wakafungwa 3-2 na hakuna aliyejali. Köln mabingwa na pointi 61, HSV 59, Elversberg 58. Tazama hizo pointi: mwaka wa Sandhausen walikuwa na 66 wakakosa, safari hii 59 zimewapandisha. Anayetafuta haki kwenye mpira aendelee kutafuta.

Kuna Waafrika kwenye hii stori?

Wapo. Bakery Jatta kutoka Gambia alifika Ujerumani 2015 akiwa mkimbizi, 2016 akasaini HSV, na ndo mchezaji aliyekaa nao tangu Bundesliga, akashuka nao, akakaa chini miaka yote saba mpaka wakapanda. Mashabiki wa pale humwambii kitu kuhusu Jatta. Königsdörffer kazaliwa Berlin lakini ameichezea Ghana.

Hamburg na Dar kuna uhusiano gani? Niliona mahali.

Ni miji dada tangu 2010, Hamburg na Dar es Salaam, zote za bandari. Kwa hiyo Mbongo anayetafuta sababu ya kushabikia HSV anayo ya halali kuliko wengi wanaoshabikia timu kwa rangi ya jezi.

Si wana tajiri? Kwanini hakununua tu?

Klaus-Michael Kühne, mzee wa makampuni ya usafirishaji, ametia pesa nyingi miaka mingi na ana hisa. Ila Ujerumani kuna sheria ya 50+1, klabu yenye wanachama lazima ishike kura nyingi, tajiri anaweza kuongea kwenye magazeti mpaka asubuhi lakini hawezi kuamka akawa mwenye timu. Na pesa yenyewe haikuwa imesaidia walipokuwa juu, ilinunua wachezaji ghali waliowashusha.

Timu yao ya wanawake?

Nayo ilipanda Bundesliga mwezi huohuo wa Mei 2025. Walikuwa wamejitoa ligi kuu 2012 kwa kukosa pesa, wakaanza chini upya. Watu hawaisemi hii, na kwangu ni habari kubwa sawa na ile nyingine.

Daraja la pili linafaa kubeti?

Ukitaka mkeka uchanike, ndio. Wa 15 anampiga wa pili bila kuomba ruhusa. HSV peke yao miaka ile saba wamechana mikeka ambayo ingetandikwa kutoka Ubungo mpaka Chalinze. Angalia kwa ajili ya mpira, hela nunua bando.

Mechi zinapigwa saa ngapi huku kwetu?

Saa za Afrika Mashariki: Ijumaa saa moja na nusu usiku, Jumamosi saa nane mchana na ile kubwa saa tatu na nusu usiku, Jumapili saa nane na nusu mchana. Hiyo ni wakati wa kiangazi kwao. Kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi wanarudisha saa nyuma, ongeza saa moja kwa kila mechi, yani ile ya Jumamosi usiku inakuwa saa nne na nusu na kesho yake ukienda kanisani utasinzia.

HSV wameondoka, nimwangalie nani sasa kule chini?

Msimu wa 2025/26 ulianza na Schalke, Hertha, Kaiserslautern, Nürnberg, Hannover, Düsseldorf, wote majina, wameongezeka Bochum na Kiel walioshuka, na Dynamo Dresden na Bielefeld waliotoka daraja la tatu. Kwa watu uwanjani kuna ligi kuu nyingi Ulaya haziwezi kulingana na hii.

Mimi nawatazama Elversberg. Kitongoji chenye watu elfu kumi na tatu hivi, walikuwa wa tatu nyuma ya HSV kwa pointi moja, wakaingia mchujo na Heidenheim, haohao Heidenheim wa Kleindienst, wakatoa 2-2 ugenini, na mechi ya pili nyumbani ikawa inaelekea dakika 30 za nyongeza mpaka Leo Scienza akawafunga dakika ya 90+5.